Usiku wa manane: mwongozo wa kurudisha usingizi wakati wa matibabu ya saratani na baada yake

Usiku wa tatu baada ya dripu yangu ya kwanza nilimenya vitunguu. Saa 8 usiku, jikoni, kilo nzima. Mchana wake nilikuwa nimeshindwa kupanda vidato viwili vya baraza bila kushika ukuta, lakini usiku ule macho yalikuwa makavu, moyo ulikwenda mbio na kichwani nilikuwa napanga bajeti ya mwaka mzima. Mdogo wangu aliyekuja kuniuguza aliamka, akanikuta na kisu mkononi, akadhani nimechanganyikiwa.

Ilikuwa saratani ya titi, dripu ya kwanza ya kemo (dawa za kuua saratani) kati ya nane. Kumbe sababu ilikuwa ndani ya bahasha ya dawa. Kulikuwa na vidonge vya kuzuia kutapika vilivyoandikwa "1×2", nami kama Mtanzania yeyote nikasoma: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Vidonge vyenyewe vilikuwa deksamethasoni, dawa inayouchangamsha mwili kama mtu aliyeitwa kazini ghafla. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Dripu ya tatu ndipo mfamasia mmoja alipoitazama bahasha, akanitazama usoni, kisha akachukua kalamu akaandika: asubuhi, na saa 7 mchana.

Haya yafuatayo nimeyakusanya kwa kuuliza madaktari, wauguzi na wenzangu wa kwenye benchi la kusubiri mionzi. Hayachukui nafasi ya daktari wako, ila yatakupa maswali ya kumpelekea. Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba kinachokunyima usingizi leo huenda sicho kilichoanza kukunyima. Mwaka 1987 Arthur Spielman, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alieleza kuwa kukosa usingizi kuna ngazi tatu: wapo tunaozaliwa na usingizi mwepesi, kisha linatokea jambo linaloukata, kisha tunaanza mazoea ya kuutafuta, na mazoea hayo ndiyo yanayoendelea kutukesha hata jambo lenyewe likishapita. Kwa mgonjwa wa saratani, jambo linaloukata ni dawa, maumivu na hofu. Mazoea ni kulala mchana kutwa, kupanda kitandani saa 1 jioni "ili nijaribu mapema", na kutazama simu kila baada ya dakika kumi.

Kwa hiyo fuata mpangilio. Dawa na maumivu kwanza, kitanda baadaye. Ukianza kuhangaika na kitanda huku deksamethasoni imejaa mwilini, utajilaumu bure.

(Humu nitaandika "masaa" nikimaanisha muda, ili tusichanganye na saa ya ukutani. Wenye Kiswahili sanifu mnisamehe.)

Hatua ya 1: Daftari la wiki moja

Daftari dogo la shule linatosha. Kila asubuhi andika mambo manne: ulipanda kitandani saa ngapi, unadhani ulipata usingizi saa ngapi, uliamka mara ngapi na kilichokuamsha ni nini (maumivu, jasho, mkojo, mawazo, jogoo wa jirani), na ulitoka kitandani saa ngapi. Jioni ongeza saa ulizomeza kila dawa, chai au kahawa ya mwisho, na kama ulilala mchana ni kwa muda gani. Kadiria tu. Ukianza kutazama saa usiku ili uandike kwa usahihi, daftari lenyewe litakukesha.

Humohumo jifunze kutenganisha uchovu na usingizi, maana ni ndugu wa mama tofauti. Mwenye usingizi akikaa kwenye daladala kichwa kinaanguka. Mwenye uchovu wa saratani anakaa macho wazi, miguu mizito kama imemwagiwa zege, na akijilaza hapati hata lepe la usingizi. Uchovu wa namna hiyo hauondoki kwa kulala zaidi. Mara nyingi una sababu ya kupimwa, kama vile upungufu wa damu, au tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango kwa waliopigwa mionzi shingoni.

Usiku mbovu mmoja mmoja kuzunguka siku ya dripu ni jambo la kutarajiwa. Ikifika usiku tatu au zaidi kwa wiki, na hali ikaendelea miezi mitatu, madaktari huliita tatizo sugu la kukosa usingizi, na lina tiba yake. Lakini usisubiri miezi mitatu ndipo useme.

Hatua ya 2: Yale ambayo si ya kusubiri asubuhi

Kabla ya kuhangaika na mito na mashuka, hakikisha unachokiita kukosa usingizi si mwili unaopiga kelele. Nenda hospitali, hata kama ni usiku wa manane, ukiona haya:

- Joto la mwili kufika 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, ukiwa kwenye kemo. Kinga ikiwa chini, homa ni dharura. Pima kabla ya kumeza parasetamoli, kwa sababu itaificha homa bila kuondoa kilichoileta.
- Kushindwa kupumua ukijilaza, au kuamka ghafla ukitafuta hewa.
- Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi ukilala, hasa yakiambatana na miguu kulegea, ganzi ya sehemu za siri, au kushindwa kuzuia au kutoa haja. Hii inaweza kuwa mishipa ya uti wa mgongo inabanwa, na masaa yana maana kubwa.
- Kuchanganyikiwa: mgonjwa kulala mchana kutwa, usiku kuongea na watu wasiokuwepo.
- Mawazo ya kujiua au ya kwamba ni heri usiamke. Hayo yaseme kwa mtu usiku huohuo.

Hatua ya 3: Panga upya saa za dawa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wengi tunaishi na bahasha zenye "1×2" na "1×3" bila kujua kwamba tarakimu hizo hazikutaja saa.

Mimina dawa zako zote mezani, pamoja na za presha, za sukari na zile za majani. Kwa kila moja muulize daktari au mfamasia: hii inaamsha au inalaza? Naweza kuimeza saa ngapi?

Kundi la kwanza la kuulizia ni steroidi: deksamethasoni (kwenye pakiti utaiona imeandikwa kwa herufi x) na prednisoloni. Hizi hutolewa kuzuia kutapika, kupunguza uvimbe, na katika baadhi ya saratani za damu na tezi ni sehemu ya tiba yenyewe. Zimeze baada ya chakula. Kama ni mara moja kwa siku, iwe asubuhi. Kama ni mara mbili, uliza kama ya pili inaweza kuwa saa 7 au saa 8 mchana badala ya usiku. Usiache wala kupunguza mwenyewe. Kwa aliyezimeza muda mrefu, kuziacha ghafla ni hatari kuliko kukesha. Na ujue kwamba nguvu ya deksamethasoni hukaa mwilini zaidi ya siku moja, hivyo hata ukiipanga vizuri, usiku mmoja au miwili baada ya dripu unaweza kubaki macho. Mimi siku hizo niliziwekea alama kwenye kalenda na sikupanga kulala vizuri. Kutokutarajia peke yake kulinipunguzia nusu ya mateso. Siku dawa inapoisha, mwili huanguka kama gunia, nayo ni kawaida.

Ya pili ni metoklopramidi, wengine huiita Plasil. Kuna watu inawapa wahaka wa ajabu: hawawezi kukaa, hawawezi kulala, miguu inataka kutembea. Ukiona hivyo baada ya kuimeza, mwambie daktari. Zipo dawa nyingine za kichefuchefu.

Tatu, dawa za kukojoa za presha au uvimbe. Zikimezwa jioni, usiku kucha ni safari ya chooni. Uliza kama zinaweza kuhamia asubuhi.

Nne, vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni. Huleta vipindi vya joto, na nitavirudia hapo chini. Kwa wengine kubadili saa ya kumeza husaidia, kwa wengine haileti tofauti. Uliza, jaribu wiki mbili, tazama daftari.

Kama unafunga Ramadhani, usisogeze dawa kimyakimya kwenda futari na daku. Mwambie daktari mapema kabla ya mwezi kuandama, aipange yeye au akueleze kwa nini mwaka huu huna haja ya kufunga.

Hatua ya 4: Maumivu yasikupokee usiku

Hakuna mbinu ya usingizi inayoshinda maumivu yasiyotibiwa. Kosa tunalofanya ni kusubiri yaje ndipo tumeze, na usiku yanakuja na ndugu zake wote.

Kwa maumivu makali ya saratani, dawa ya kawaida kwetu ni morfini ya maji. Uganda imekuwa mfano katika hili: tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, morfini ya unga imekuwa ikichanganywa na maji hukohuko nchini na kupelekwa mpaka majumbani, na huduma shufaa (za kumpunguzia mgonjwa mateso) za nchi jirani zimejifunza mengi kutoka huko. Morfini hii hufanya kazi kwa takriban masaa manne. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu, ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku wala asiamshwe na maumivu. Dozi hiyo maradufu lazima iwe imeagizwa na aliyekuandikia dawa. Wenye figo dhaifu na wazee sana hupangiwa tofauti. Lakini kama mgonjwa wako anaamka saa 9 usiku analia na hujawahi kusikia habari ya dozi maradufu, ulizia kliniki.

Watu huogopa kuwa morfini ni dawa ya kufia, au kwamba itamfanya mgonjwa teja. Ikitumiwa kwa maumivu na kwa kipimo, kwa kawaida haifanyi hivyo. Inachofanya kwa hakika ni kufunga choo, kwa hiyo iende na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Tumbo lililofunga siku tano nalo halilazi mtu.

Yapo maumivu mengine madogomadogo. Baada ya paklitakseli, mojawapo ya dawa za kemo, viungo huuma siku ya pili mpaka ya tano hivi, na nyayo huwaka au kufa ganzi. Kwa ganzi inayochoma, dawa za kawaida za maumivu hazifui dafu. Kuna za mishipa ya fahamu, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, ambazo daktari anaweza kukuandikia. Aliyetolewa titi alale chali au upande mzima, mkono wa upande uliopasuliwa ukae juu ya mto, kiganja kiwe juu kidogo kuliko moyo. Mto mdogo kwapani ulinifaa kuliko kidonge chochote nilichopewa wiki ile.

Hatua ya 5: Joto, jasho na mkojo

Vipindi vya joto huwapata wanawake wanaotumia dawa za kuzuia homoni au ambao kemo imesimamisha hedhi, na pia wanaume wa saratani ya tezi dume wanaochomwa sindano za kushusha homoni. Wanaume hawa husema kidogo sana, wengine huona aibu kuwa na "ugonjwa wa akina mama". Baba, mwambie daktari.

Lala na kanga ya pamba juu ya shuka, si blanketi, ili uivue kwa mkono mmoja bila kuamka vizuri. Weka kanga nyingine kavu karibu na bakuli la maji na kitambaa. Feni ielekee miguuni. Umeme ukikatika, kitambaa chenye maji shingoni na kwenye viwiko hutosha kuvusha dakika tano za moto. Pilipili, chai ya moto na pombe jioni huchochea. Vikizidi kiasi cha kukuamsha mara nne au tano, kuna dawa zinazosaidia, kwa mfano venlafaksini au gabapentini. Ukiwa kwenye tamoksifeni, mkumbushe kila daktari anayetaka kukupa dawa ya mfadhaiko, kwa sababu paroksetini na fluoksetini hupunguza kazi ya tamoksifeni mwilini.

Mkojo: wanaopigwa mionzi ya nyonga, wengi wao wakiwa wanawake wa saratani ya mlango wa kizazi, kibofu chao na utumbo huwashwa, wanaamka mara kwa mara kukojoa au kuharisha. Kunywa maji mengi asubuhi na mchana, punguza baada ya saa 12 jioni. Ila kama umepewa siklofosfamidi, dawa nyingine ya kemo, na ukaambiwa unywe na ukojoe hata usiku, fanya ulivyoambiwa, dawa hiyo ikikaa kwenye kibofu hukichubua. Mkojo unaochoma au wenye damu si wa kuvumilia. Na ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda si fedheha, hasa kama choo kiko nje uani.

Hatua ya 6: Usiku hutengenezwa mchana

Toka nje ndani ya saa moja baada ya kuamka, hata kama ni kukaa barazani na uji. Jua la asubuhi ndilo linaloiweka sawa saa ya mwili. Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati, jua linachomoza karibu saa ileile mwaka mzima. Ukiwa na kemo, jifunike na kaa kivulini, kinachotakiwa ni mwanga, si kuchomwa.

Tembea kidogo. Siku mbaya nilikwenda mpaka kwenye mwembe na kurudi. Siku nzuri nilifika dukani. Mazoezi mepesi ya kila siku hupunguza uchovu wa saratani, jambo ambalo mwanzoni nililiona kama dhihaka.

Usingizi wa mchana: mmoja, dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 9 alasiri. Wiki ya dripu jihurumie, mwili ukidai zaidi upe. Wiki zinazofuata rudi kwenye kipimo. Chai ya rangi, kahawa, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe saa 6 au 7 mchana. Kafeini huchukua masaa kama matano kupungua nusu tu.

Halafu wageni. Kumjulia mgonjwa hali ni utu wetu, sitaki uondoke. Lakini wageni wa saa 2 usiku wanaoanza kusimulia jinsi shangazi wa fulani alivyofariki kwa ugonjwa huohuo wamenikesha zaidi ya dawa. Mpe mtu mmoja wa nyumbani, ikiwezekana shemeji mwenye kauli, kazi ya kusema kwa upole kuwa mgonjwa anapokea wageni alasiri.

Hatua ya 7: Kitanda kijue kazi yake

Ukigaagaa kitandani usiku mwingi, ubongo hujifunza kwamba kitanda ni mahali pa kukodoa macho. Unasinzia kwenye kiti, ukipanda kitandani unaamka. Mwaka 1972 Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza njia ya kuufundisha upya, na mpaka leo ni nguzo ya tiba ya mazoea na fikra ambayo Chuo cha Madaktari cha Marekani, mwaka 2016, kiliishauri iwe tiba ya kwanza ya kukosa usingizi sugu, kabla ya vidonge.

Panda kitandani ukisinzia kweli, si ukiwa umechoka tu. Ukiona kama dakika 20 zimepita, toka. Kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na utamu: kunja nguo, vuta tasbihi au rozari, sikiliza redio kwa sauti ya chini. Simu hapana. Ukianza kusinzia, rudi. Ikikataa, toka tena. Asubuhi amka saa ileile, hata kama ulilala masaa matatu. Kitandani usile, usihesabu madeni, usitazame video.

Hiyo ndiyo kanuni, sasa maisha yetu. Wengi tuko chumba kimoja, kitanda ndiyo kochi na ndiyo meza. Mwenzangu mmoja, aliyetoka mkoani na kupanga chumba wakati wa mionzi yake ya wiki tano, alifanya hivi: mchana alitandika mkeka sakafuni na kujilaza hapo, na akilazimika kukaa kitandani aligeukia upande wa miguuni. Upande wa mto aliuachia usiku. Inaonekana mchezo, lakini mwili huelewa. Wodini ambako huna pa kwenda, inuka ukae, geuka, kisha jilaze tena, na funika macho kwa kitambaa.

Ukitoka kitandani usiku, kumbuka chandarua. Kichomeke tena ulipotoka, jifunike kanga mpaka miguuni, maana malaria kwa mtu wa kemo ni balaa juu ya balaa. Weka tochi karibu. Kama unapata kizunguzungu, usisimame ghafla, kaa ukingoni mwa kitanda, na hapo panatosha.

Hatua ya 8: Kubana muda wa kitandani (baada ya matibabu tu)

Hii ndiyo iliyonirudishia usingizi, na ndiyo ngumu kuliko zote. Nilimaliza matibabu, nywele zikaota, watu wakanipongeza, nami nikabaki nakesha karibu mwaka mzima. Daftari lilionyesha napanda kitandani saa 3 usiku, natoka saa 12 asubuhi: masaa 9. Usingizi wenyewe, ukiunganisha vipande, masaa matano na nusu. Yaani masaa matatu na nusu kila usiku nilikuwa nafanya mazoezi ya kukesha.

Unachofanya ni kuchukua wastani wa masaa unayolala, unaongeza nusu saa, na huo ndio muda wako wa kitandani. Usiende chini ya masaa matano hata kama daftari linasema unalala manne. Kwangu yalitoka masaa sita. Nilichagua kuamka saa 11:30 alfajiri, nikahesabu kurudi nyuma: kitandani saa 5:30 usiku, si kabla. Wiki ya kwanza nilitamani kulia, saa 3 usiku nasinzia kwenye kiti na mdogo wangu ananiamsha kwa kunipa karanga za kumenya. Wiki ya pili usingizi ulishikana, ule wa mang'amung'amu ukaisha. Ukiona katika muda wako wa kitandani unalala asilimia 85 au zaidi (katika masaa sita ni kama masaa matano na dakika kumi), ongeza dakika 15 kwa wiki inayofuata. Endelea hivyo mpaka uone umepata unachohitaji.

Usiifanye hatua hii ukiwa katikati ya kemo na umedhoofika, ukiwa na kifafa au uvimbe wa ubongo, ukiwa umewahi kuugua ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi (bipolar), au ukikoroma sana huku pumzi inakatika usingizini. Dereva wa bodaboda, wa lori, au fundi wa mashine apate ushauri wa daktari kwanza, kwa sababu wiki mbili za mwanzo mchana utasinzia.

Hatua ya 9: Mawazo yapewe miadi

Huwezi kumwambia mgonjwa wa saratani asiwaze. Unaweza kumpangia muda. Saa 11 jioni, dakika 15, daftari. Upande wa kushoto andika kinachokusumbua, upande wa kulia hatua ndogo ya kesho: "Bima haijathibitisha kipimo" – "kupiga simu saa 3 asubuhi." "Nani atalipa ada ya mtoto" – "kuongea na kaka Jumapili." Yasiyo na hatua, kama "je, itarudi?", yaandike pia na upande wa pili weka tarehe ya kliniki. Wazo likija usiku, liambie lina miadi yake jioni. Nilicheka nilipofundishwa hivyo. Baada ya siku kumi sikucheka tena.

Hofu ya ugonjwa kurudi hupanda kila unapokaribia kipimo cha marudio. Wiki hiyo itapita vibaya, iache ipite, usianze mazoea mapya kwa ajili yake. Lakini kama huzuni haiondoki wiki mbili mfululizo, hamu ya kila kitu imeisha, na unaamka saa 9 usiku na kifua kizito, hilo si tatizo la usingizi tena. Sonona inatibika, na ikitibiwa usingizi hufuata.

Sala na dhikri za usiku zimewatuliza wengi. Mkesha wa kila wiki mpaka alfajiri, kwa mtu aliye kwenye kemo, nauombea uhamie mchana.

Hatua ya 10: Vidonge vya usingizi

Nitakuwa mfupi. Diazepamu usijinunulie. Hukaa mwilini muda mrefu, huangusha wazee, huzoewa haraka, na pamoja na morfini inaweza kupunguza pumzi mpaka zikatike. Daktari akikuandikia kwa siku chache za shida, sawa, uliza utaiacha lini. Piritoni inakupa usingizi mzito na kesho yake kichwa cha pamba. Pombe inakulaza saa 4 na kukuamsha saa 8. Dawa za majani zinazosambazwa kwenye makundi ya simu, zingine hugusa ini lilelile linalohangaika na kemo. Kama umeshaanza kuzitumia, ziweke mezani siku ya kliniki. Hakuna daktari mwenye akili atakayekufukuza.

Kliniki muda ni mfupi na foleni ni ndefu, iwe ni Ocean Road Dar es Salaam au Bugando Mwanza. Usianze na "sijisikii vizuri". Fungua daftari, sema: "Daktari, wiki hii nimelala masaa manne kwa usiku, naamshwa na jasho mara tano, na dawa hii nameza saa hizi." Sentensi hiyo ina kila anachohitaji.

Na anayeuguza

Anayemuuguza mgonjwa hulala sikio moja wazi. Kama mko wawili au watatu, pangeni zamu za usiku mzima, usiku mmoja wewe, mwingine yeye. Kugawana usiku nusunusu kunawachosha nyote. Anayelala alale chumba kingine au kwa jirani, asisikie kikohozi. Mgonjwa apewe kengele, hata kijiko na kikombe cha bati, ili mwenye zamu asikae macho akisubiri kuitwa.

Mdogo wangu aliendelea kuamka saa 8 usiku miezi minne baada ya mimi kuanza kulala. Alikuwa anakuja mlangoni kwa miguu mitupu, anasikiliza kama napumua, anarudi. Sikujua mpaka usiku mmoja nilipokwenda kunywa maji tukagongana gizani. Asubuhi yake nilimnunulia daftari, tukaandika jina lake juu, tukaanza na hatua ya 1.